Simu Imepokelewa: Deni ni la Nani?

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu mliofika jioni hii, nawasalimu.

Novemba 1935 nyumba moja katika mtaa wa Wimpole, London, iliungua. Jirani aliyeuona moto alinyanyua simu ili awaite wazimamoto. Zama zile simu ya dharura ilipitia kwa opereta, na simu yake ikakaa kwenye foleni pamoja na za watu waliokuwa wakijuliana hali. Wanawake watano walikufa katika moto ule. Jirani aliandika barua gazetini akaeleza jinsi alivyongojeshwa. Serikali ikalazimika kuchunguza, na tarehe 30 Juni 1937 London ikapata namba 999, namba ambayo opereta akiiona anaacha kila kitu na kuitika.

Nimeanza na jirani huyo kwa sababu tunapenda kuizungumzia huduma ya dharura kama ukarimu, kana kwamba gari la wagonjwa ni zawadi na anayeuliza kwa nini limechelewa hana shukrani. Namba yenyewe ilizaliwa na lalamiko. Kuna mtu aliyehesabu muda wake kwenye simu na kukataa kunyamaza.

Swali langu la leo ni moja. Mtu akipiga simu ya dharura, na upande wa pili wakaitika, wakaandika anwani yake, wakamwambia tunakuja, je, tangu dakika ile serikali inamdai au inadaiwa? Na ikiwa inadaiwa, mdai ni nani?

Mahakama nyingi zimejibu kwamba mdai ni umma. Polisi wanauhudumia umma, zimamoto inaulinda umma. Ni jibu zuri mpaka siku utakapolihitaji. Umma haupandi kizimbani. Umma hauna mama wa kumlilia wala risiti za hospitali za kuambatanisha na madai. Ukimwambia mtu kwamba deni analodai ni la watu wote, umemwambia kwa adabu kwamba si lake.

Tuangalie yaliyotokea Washington, mji mkuu wa Marekani, mwaka 1975. Usiku mmoja wanaume wawili waliivunja nyumba waliyokuwa wakiishi wanawake watatu. Wawili kati yao walikuwa ghorofa ya juu, wakisikia mwenzao akishambuliwa chini. Wakapiga simu polisi. Polisi wakaja, mmoja akabisha mlango wa mbele, hakujibiwa, wakaondoka. Wale wanawake wakapiga tena. Wakahakikishiwa kwamba msaada uko njiani. Safari hii hakutumwa mtu yeyote. Baada ya muda kelele za chini zikatulia, nao wakaamini askari wamekwisha kuingia. Wakaita kwa sauti jina la mwenzao. Sauti hiyo ndiyo iliyowajulisha wavamizi kwamba juu kuna watu. Wakashikwa wote watatu, wakateswa kwa saa 14.

Walishtaki. Mwaka 1981 mahakama ya rufani ya mji ule iliamua kwamba wajibu wa polisi ni kwa umma kwa jumla, na kwamba polisi hawakudaiwa kitu chochote na wanawake wale kama watu binafsi. Majaji wanne walikubali hivyo, watatu wakapinga.

Ndugu zangu, nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi, na kila mara nakwama mahali pamoja: ile sauti waliyoita. Wasingeita kama wasingeambiwa msaada uko njiani. Ahadi ile iliwahadaa. Iliwatoa mafichoni.

Sasa tuhamie London, Februari 1991. Mwanamke mjamzito alishikwa na pumu nyumbani kwake. Daktari alifika, akaona hali ni mbaya, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Ilikuwa saa kumi na dakika 25 jioni. Gari lilikuwa na umbali wa maili sita na ushei hivi. Dakika zikapita, wakapiga tena, wakaambiwa liko njiani. Wakapiga mara ya tatu, wakaambiwa dakika chache tu. Gari lilifika saa kumi na moja na dakika tano. Mama yule alizimika pumzi kabla ya kufikishwa hospitali, ubongo wake ukadhurika, na mimba ikaharibika.

Hukumu ya rufaa ilitoka mwaka 2000, ikampa ushindi. Sababu mbili nataka mzishike. Kwanza, gari lilikuwapo. Hakukuwa na dharura nyingine iliyoshindana na hii, na hakuna aliyeweza kueleza kwa maana dakika 40 zilikwenda wapi. Pili, daktari alisema kwamba kama angeambiwa ukweli, kwamba gari litachelewa, angemshauri mume ampakie mkewe kwenye gari lao waende wenyewe. Hapo ndipo kilipo kiini cha mhadhara huu. Anayekwambia "nakuja" anakuondolea njia nyingine. Huendi kugonga kwa jirani, huchukui teksi, humbebi mgonjwa mgongoni, huruki dirishani. Unakaa, unangoja. Kiswahili kimesema zamani kwamba ahadi ni deni, na katika jambo hili sheria ilikikuta Kiswahili mahali kilipokuwa tayari kimekaa.

Lakini msifurahi upesi. Majaji wale walisema gari la wagonjwa ni sehemu ya hospitali, kwa hiyo haliko sawa na polisi wala zimamoto. Na miaka mitatu kabla, mwaka 1997, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kwamba zimamoto hawana wajibu wa kisheria wa kuitika mwito. Wanawajibika pale tu wanapoyafanya mambo yawe mabaya zaidi, kama yule ofisa aliyeamuru mitambo ya kunyunyizia maji izimwe wakati jengo linaungua. Yaani asiyekuja kabisa yuko salama kisheria kuliko aliyekuja akakosea.

Matokeo ya mantiki hiyo tuliyaona Cardiff, Agosti 2009. Saa nane na dakika 29 usiku, mama mmoja kijana alipiga 999. Mpenzi wake wa zamani alikuwa amemkuta na mwanamume mwingine, akampiga, akaondoka na yule mwanamume, akaahidi kurudi. Simu ya mkononi iliunganishwa na kikosi cha eneo jirani. Mama yule alisema anatishiwa kuuawa. Aliyeipokea simu alisema baadaye kwamba neno la kuua hakulisikia. Akamwambia afunge milango, aiache simu wazi, kwamba polisi wa kwao watampigia. Taarifa ilipofika kikosi cha pili haikuwa na tishio la kuua, ikashushwa daraja, kutoka ile ya kufikiwa kwa dakika tano hadi ile ya kufikiwa ndani ya saa nzima. Saa nane na dakika 43 akapiga tena. Kulisikika ukelele. Polisi walipofika saa nane na dakika 51 alikuwa ameshauawa kwa kisu. Kituo cha karibu kilikuwa umbali wa dakika tano au sita kwa gari.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji watano dhidi ya wawili, iliyakataa madai ya uzembe. Sababu mojawapo ni kwamba aliyepokea simu hakuahidi kuwa polisi watafika upesi kiasi gani. Aliahidi tu kuipeleka taarifa na kwamba atapigiwa.

Tafakarini taasisi inajifunza nini hapo. Inajifunza kunyamaza. Inawafundisha wapokea simu kusema maneno yasiyoshika kitu: tumekusikia, tumelipokea, litashughulikiwa. Mwenye kutoa ahadi anashtakika, mwenye kubabaisha hashtakiki. Na yule aliye gizani, simu sikioni, hana ujuzi wa kuzichuja sentensi za wakili. Yeye anachosikia ni sauti ya serikali. Kwake sauti hiyo ni ahadi.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya watu wazima. Mwaka 1988 Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilikataa madai ya mama aliyempoteza binti yake kwa muuaji aliyewaua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza, mtu ambaye polisi walikuwa wamemhoji mara tisa kabla ya kumkamata. Majaji walisema polisi wakiwa na hofu ya kushtakiwa watafanya kazi kwa kujikinga, na fedha za doria zitaishia kwa mawakili. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini daktari wa upasuaji anashtakiwa miaka nenda miaka rudi, na vyumba vya upasuaji havijafungwa. Mhandisi anashtakiwa, na madaraja yanajengwa. Kwa nini polisi peke yake adhaniwe kuwa ataharibikiwa na wajibu?

Afrika Kusini ilikataa kuidhani hivyo. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilipokea kesi ya mwanamke aliyeshambuliwa na mtu aliyekuwa nje kwa dhamana, huku polisi na waendesha mashtaka wakiwa wanajua rekodi yake ya ukatili dhidi ya wanawake na wasimwambie hakimu. Mahakama ilisema katiba inaibebesha dola wajibu wa kumlinda mtu, na sheria ya fidia lazima ikue ifuatane na katiba. Polisi wa Afrika Kusini hawajaacha kukamata watu kwa ajili ya hukumu hiyo.

Kuhusu fedha nitasema machache, maana ndiyo hoja inayopigwa kila mahali. Mwaka 1992 kibarua mmoja alianguka kutoka kwenye treni huko West Bengal, India, akaumia kichwa. Alizungushwa hospitali moja baada ya nyingine za serikali, hii haina kitanda, ile haina kifaa, mpaka akatibiwa kwenye hospitali binafsi kwa rupia 17,000 alizotoa mwenyewe. Mahakama ya Juu ya India mwaka 1996 iliamuru alipwe fidia ya rupia 25,000, ikasema serikali haiwezi kuukwepa wajibu wa kuokoa uhai kwa kisingizio cha uhaba wa fedha. Mimi sisemi kila kuchelewa ni hatia. Magari mawili hayawezi kwenda ajali kumi. Ila kukosa gari na kusema kweli kwamba huna ni jambo moja, na kukosa gari ukamwambia mtu liko njiani ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni umaskini. La pili linaua.

Nirudi London, kwenye ile kesi ya pumu, kwa sababu kuna jambo nililiacha makusudi. Jaji aliyesikiliza ushahidi aligundua kwamba mmoja wa wahudumu wa gari aliandika muda wa uongo wa kufika. Karatasi rasmi ilisema gari limefika mapema kuliko lilivyofika. Bila daktari na mume waliokuwa wakitazama saa, ile karatasi ndiyo ingekuwa ukweli mpaka leo.

Nilipokuwa karani kijana katika masjala ya mahakama, alikuja mzee mmoja kuuliza simu yake ya usiku fulani iliandikwa saa ngapi. Alikuwa ametoka kwenye ofisi husika, wakamwambia daftari ni mali ya serikali. Nilimwelekeza jinsi ya kuandika maombi. Alinitazama, akaniuliza, "Mwanangu, yaani saa niliyoitia mimi si yangu?" Sikuwa na jibu. Ndio mwaka ule nilioanza kufikiri kwamba wajibu wa serikali huanzia kwenye daftari, na fidia huja nyuma sana.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki. Sheria itamke kwamba simu ikishapokelewa na anwani ikachukuliwa, wajibu ni kwa mtu yule, kwa jina lake. Sauti iliyorekodiwa na muda wa kila hatua wapewe familia wakiomba, bila kesi, bila wakili, bila kubembeleza. Fidia ilipwe na taasisi, maana sioni haki ya kumfilisi askari wa doria aliyetumwa bila mafuta. Lakini atakayeibadili saa kwenye daftari, huyo ajibu mwenyewe, na mkubwa wake aliyelijua ajibu pamoja naye.

Walioishi na daftari lililochezewa tunawafahamu. Tarehe 15 Aprili 1989, kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba vya uwanjani. Waliokufa ni 97, wa mwisho akiwa majeruhi aliyefariki mwaka 2021. Polisi waliwalaumu mashabiki. Mwaka 2012 jopo huru lilifungua majalada, likakuta taarifa 164 za askari zilizofanyiwa mabadiliko, na katika 116 kati ya hizo yalikuwa yamefutwa maneno yanayowalaumu polisi wenyewe. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilitamka kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Ilikuwa imepita miaka 27, na baadhi ya mama waliokuwa wakiyadai maneno hayo mawili walikuwa wameshazikwa.

Mwenyekiti, naomba niishie hapo tupokee maswali.