Kumsindikiza Mmisionari na Watoto Wake

Mhadhara kwa wazee wa kanisa, walimu wa shule ya Jumapili na akina mama wa usharika, Dar es Salaam

Bwana Yesu asifiwe! Baba mchungaji, wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Mmeniomba nizungumze juu ya familia za wamisionari zinapofunga safari ya kurudi kwao. Kwa miaka mingi kazi yangu hapa mjini imekuwa kuwapokea wageni wa kanisa na kuwaaga, na nina jambo moja tu la kulitetea leo. Kupokea tunajua sana. Kusindikiza tumekuachia uwanja wa ndege, na uwanja wa ndege hauwezi kazi hiyo.

Tuanze na mzee Johannes Rebmann. Huyu ni Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1846, akaungana na Ludwig Krapf kule Rabai. Mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro, akaandika kwamba una theluji, na wasomi wa Ulaya wakambishia. Alikaa huku karibu miaka 29 bila kukanyaga Ulaya. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Alipoondoka hatimaye, mwaka 1875, alikuwa amepofuka. Sasa mzee kipofu anavukaje bahari? Alisafiri na Isaac Nyondo, mtoto wa mmoja wa Wakristo wa mwanzo wa Rabai. Mwaka uliofuata Rebmann alifariki Korntal, Ujerumani. Shuleni tulifundishwa habari za mlima na theluji. Nyondo hakuna aliyetufundisha habari zake, na kwangu mimi yeye ndiye fahari yetu katika historia hii, kwa sababu alimsindikiza mgeni wake mpaka kwao.

Rebmann alikuwa mtu wa zama za kutorudi. Mambo yalibadilika na meli. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, meli za kampuni ya British India zikaanza kufika Zanzibar mwaka 1872, na mwaka 1890 Wajerumani wakaanzisha kampuni yao, Deutsche Ost-Afrika Linie. Tangu hapo mmisionari aliweza kwenda likizo na kurudi. Hata katika miaka ya 1950, familia iliyopanda meli hapa bandarini ilipita Zanzibar, Tanga na Mombasa, ikaenda Aden, Suez na Port Said, ndipo ikaiona Ulaya. Mfereji ulipofungwa kwa vita, kuanzia 1967 hadi 1975, meli zililazimika kuzunguka Afrika yote kwa kusini.

Yale majuma ya baharini yalikuwa na kazi yake. Joto lilipungua siku kwa siku, na mtoto akavaa sweta kabla hajafika kwenye baridi. Mama alikuwa na muda wa kumweleza bibi ni nani, na kwa nini huko hawapeani mkono na kila mtu njiani. Waliolia walilia wakanyamaza, wakalia tena, na bado nchi kavu haijaonekana. Familia ilishuka ikiwa imeshaanza kuwa ya kule.

Leo familia inatoka Mbezi Beach alasiri, inakwama kwenye foleni, inafika jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere, lile lililofunguliwa mwaka 2019, na asubuhi iko Amsterdam. Mtoto aliyekuwa anakula mihogo ya Coco Beach Jumamosi, Jumatatu anatazama theluji dirishani, na wote wanaomzunguka wanamwambia, "Karibu nyumbani." Nyumbani kwa nani? Yeye alizaliwa hapa. Meno yake ya kwanza yaliota hapa. Kwa baba na mama hii ni safari ya kurudi, na mtoto wao amehama. Mwanasosholojia wa Marekani, Ruth Hill Useem, alizichunguza familia za Wamarekani waliokuwa India katika miaka ya 1950, na watoto wa namna hii akawaita watoto wa utamaduni wa tatu: si wa kwa wazazi kabisa, si wa walikokulia kabisa. Nimewaona wengi. Ni watoto wenye moyo mpana, wanaojua kuamkia wakubwa kuliko baadhi ya watoto wetu, lakini ukiwauliza kwao ni wapi wanatazama chini.

Ndiyo maana nasema: ndege imeyachukua yale majuma, basi sisi tuyarudishe. Tuyaweke kabla ya safari.

Historia yetu yenyewe inatuonyesha hasara ya kuachana ghafla. Kanisa la Azania Front mnaloliona pale karibu na bandari ni kazi ya Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, naye aliondolewa mwaka 1920. Aliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920 na akakaa hadi 1938. Mwaka mmoja tu baadaye vita ya pili ikaanza, na wenzake waliobaki wakawekwa kizuizini. Sharika zikaamka asubuhi hazina mchungaji wa Kizungu, na yeye hakuagana na mtu. Wazee wa kanisa walishika kazi, Mungu awabariki, na kanisa halikufa.

Walutheri wa Marekani, wale wa sinodi ya Augustana, wakatuma watu wa kusaidia. Baadhi yao walipanda meli ya Misri iliyoitwa Zamzam, iliyojaa wamisionari, akina mama na watoto wadogo. Tarehe 17 Aprili 1941, katika bahari ya Atlantiki ya Kusini, manowari ya Ujerumani iitwayo Atlantis iliipiga mizinga. Kwa rehema za Mungu, hakuna aliyekufa papo hapo. Abiria wakapakiwa kwenye meli ya mizigo mpaka Ufaransa, na Wamarekani wakarudishwa kwao kupitia Ureno. Hebu fikirini hao watoto: walikuwa wanakwenda Afrika, wakarudi walikotoka bila kufika. Mmoja wa abiria, Ralph Hult, hakukata tamaa. Alijaribu tena, akafika Tanganyika, na mwaka 1943 akafariki hapa hapa Dar es Salaam.

Najua wapo watakaosema, kwa nini tusiwaache tu waende? Hoja hiyo ina heshima yake. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kenya alisimama Milwaukee, Marekani, akawaambia waliomwalika kwamba wamisionari warudi kwao kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama yenyewe. Mwaka 1974 mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote kule Lusaka uliliunga mkono wazo hilo. Mimi naamini Gatu alisema neno lililohitajika. Lakini kumtaka mgeni aondoke ukiwa umesimama imara ni jambo moja, na kumwacha aondoke kama mtu asiyedaiwa hata salamu ni jambo jingine.

Sasa tuseme kazi yenyewe. David Pollock, Mmarekani aliyewahudumia watoto hawa kwa miaka mingi, alifundisha kwamba anayeondoka apatane na watu, ashukuru, aage, kisha afikirie kule anakokwenda. Mimi nitakaa kwenye kupatana, kwa sababu hapo ndipo sisi Waswahili tunapojificha nyuma ya adabu. Mmisionari na mwinjilisti wamegombania gari la mradi mwaka mzima. Siku ya kuaga, mwinjilisti anamvisha mwenzake kitenge, kwaya inaimba, pilau inaliwa, na lile neno halijasemwa. Mmoja anaondoka nalo, mwingine anabaki nalo. Wazee, hiyo ni kazi yenu. Wakalisheni wawili hao mwezi mmoja au miwili kabla, kwenye chumba kisicho na kipaza sauti.

Na kuna mtu tunayemsahau kila mara: dada wa nyumbani. Yeye amemlea mtoto huyu. Mara nyingi ndiye aliyemfundisha Kiswahili. Ndege ikiruka, amepoteza mtoto na mshahara kwa siku moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu yeye kama inavyomhusu karani wa benki. Anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28. Akiwa ametumikia mwaka au zaidi, kiinua mgongo chake ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, kwa kikomo cha miaka 10. Michango yake NSSF iangaliwe, na apewe cheti cha utumishi. Mlinzi na mtunza bustani vilevile. Wamisionari wengi ni watu wema na hutoa zaidi ya hapo, ila wema bila karatasi humwacha dada akianza upya kwa mwajiri mwingine kama mtu asiyewahi kufanya kazi. Akina mama, mketi na mama wa familia mapema, mlihesabu pamoja. Na dada akaribishwe kwenye sherehe kama mgeni, asiwe jikoni.

Watoto nao wapewe nafasi yao. Mwalimu wa shule ya Jumapili, mwache mtoto aage rafiki zake mwenyewe, nao wamuage. Apelekwe mahali anapopapenda, iwe ni kwenye pantoni ya Kigamboni au kwa muuza maandazi. Akitaka kulia, tusimwambie "usilie, unakwenda Ulaya." Kama kuna mbwa, jambo hilo liamuliwe mapema mno. Nchi za Umoja wa Ulaya zinataka mbwa anayetoka kwetu awe na chipu, achanjwe kichaa cha mbwa, apimwe damu siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha angoje miezi mitatu. Kwa hiyo mbwa wengi hubaki, na mtoto huambiwa wiki ya mwisho, wakati wa kufunga mabegi ya kilo 23. Aambiwe mapema, na amchagulie mbwa wake nyumba ya kukaa.

Wakishafika kule, baba na mama huzunguka kwenye makanisa yaliyokuwa yakiwachangia, Jumapili hii hapa, ijayo kule, watoto wamevaa vitenge mbele ya watu wasiowajua. Wanaulizwa kama walimwona simba. Miezi hiyo ndiyo migumu, na ndiyo ambayo sisi huwa tumeshanyamaza. Tunatuma ujumbe wiki ya kwanza, halafu kimya mpaka Krismasi. Nawaomba tupeane zamu. Kila familia ya usharika ichukue mwezi wake, ipige simu, na simu apewe pia mtoto, aongee Kiswahili na mtoto mwenzake, wasimuliane nani kahama na nani kapata mdogo wake.

Tunayo familia inayoondoka mwezi wa sita, shule zikifungwa. Kuhesabu kurudi nyuma, kazi yetu inaanza Machi. Mwenyekiti wa wazee, naomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya kikao cha Jumapili hii, na akina mama watoe majina mawili ya watakaoonana na dada wa nyumbani wa familia hiyo wiki hii. Nikiulizwa maswali niko tayari.