Murmur ya R.E.M., na yule bwana aliyeimbia kwenye ngazi

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Kaka Baraka leo kaingia humu ndani hata salamu hajaitikia vizuri. Haya, sema.

BARAKA: Nina hasira, dada. Jumamosi nilimsindikiza mpwa wangu studio. Unamjua, yule wa chuo, ana bendi na wenzake, magitaa mawili, besi na drams. Fundi kawarudisha wimbo mmoja kutwa nzima. "Mwendo umeteleza, rudieni." Jioni watoto wamechoka hoi, fundi kaupakaza wimbo wao kinanda. Nani kamwomba kinanda?

ZUHURA: Ndiyo maana usiku ule ule ukanitumia ujumbe tubadilishe mada, leo tuizungumzie Murmur, albamu ya bendi ya roki ya R.E.M.

BARAKA: Kwa sababu yamewahi kuwapata wakubwa! R.E.M. walitoka Athens, mji wa chuo kikuu kule Georgia, Marekani. Mwaka 1982 walikuwa wanajiandaa kwa albamu ya kwanza, na kampuni yao ya kurekodi, I.R.S., ikawapa prodyuza anaitwa Stephen Hague. Akawarudisha wimbo wa Catapult mpaka mpiga drams, Bill Berry, akakata tamaa. Kisha akaubeba wimbo hadi Boston, akauongezea vinanda bila kuwauliza.

ZUHURA: Wakamkataa.

BARAKA: Wakamkataa. Wakamtaka Mitch Easter, aliyewarekodia mwanzo kwenye gereji ya wazazi wake huko Winston-Salem. Kampuni ikataka kwanza wimbo mmoja wa majaribio. Easter na mwenzake Don Dixon wakarekodi Pilgrimage, kampuni ikaridhika, na mapema 1983 wote wakaingia studio ya Reflection Sound, mjini Charlotte. Aprili albamu ikatoka, jina Murmur, yaani mnong'ono. Sasa nimeandaa mafunzo matatu kwa bendi za vijana. La kwanza...

ZUHURA: Ngoja, kabla ya mafunzo tulizungumze gitaa, maana ndilo lililonifanya niirudie albamu hii wiki nzima. Mpiga gitaa wao, Peter Buck, ana gitaa la Rickenbacker, na nyuzi hazikwangui zote kwa mkupuo. Anazichambua mmoja mmoja, unasikia kila uzi unavyoitikia. Sisi tuliolelewa na dansi tunakaa tunasubiri sebene, solo lifunguke. Hapa halifunguki! Na hulikosi, kwa sababu besi ya Mike Mills ndiyo inayoimba pale chini.

BARAKA: Na Easter na Dixon hawakuwa walokole wa gitaa tupu, walichezea sauti sana. Ile ngurumo kwenye wimbo wa We Walk ni Bill Berry anacheza pool. Wamerekodi mipira inagongana, wakapunguza kasi ya utepe.

ZUHURA: Hilo limenifurahisha mno. Lililoniudhi ni mwimbaji.

BARAKA: Michael Stipe? Usianze.

ZUHURA: Naanza. Bwana kaenda kwenye ngazi za studio, kajikalia gizani peke yake, kaimba huko. Sawa, mtu ana haya, namwelewa. Lakini maneno hayasikiki! Silabi zinamezwa, jina la wimbo unalipata, ubeti huupati. Mimi mtoto wa Tanga, kaka. Kwenye taarab mtu anainuka kitini kwenda kutunza kwa sababu ya mshororo mmoja tu uliomgusa. Huyu utamtunza kwa lipi?

BARAKA: Kwa sauti yake. Ile sauti ni chombo cha nne pale.

ZUHURA: Basi angepiga filimbi.

BARAKA: Dada, mama yako alicheza Mario ya Franco?

ZUHURA: Nani hakucheza Mario?

BARAKA: Wimbo wa 1985, Kilingala mwanzo mwisho. Alijua unasema nini?

ZUHURA: Alijua ni kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri.

BARAKA: Alijua baadaye, kwa kuhadithiwa! Kwanza alicheza. Nchi nzima hii imelia, imeoa, imeachana kwa nyimbo za Kilingala ambazo haikuelewa hata robo. Halafu leo mtu wa Georgia akimeza silabi mbili tunamfungulia kesi?

ZUHURA: Hapo ndipo unaponikera. Franco alitamka. Kila neno. Kinshasa nzima ilimwelewa, tena wengine walimwelewa zaidi ya walivyotaka. Sisi kutoelewa ni kwa sababu ya umbali tu. Stipe aliwaficha watu wa nyumbani kwake, wanaozungumza lugha yake!

BARAKA: Hakuwaficha, aliwaachia nafasi. Mwanafunzi yuko bwenini usiku wa manane, redio ya chuo inapiga kitu ambacho redio za biashara haziwezi kukigusa. Anasikia nusu ya sentensi, anajazia maisha yake mwenyewe. Ndivyo albamu hii ilivyosambaa, kupitia vituo vya wanafunzi na bendi kuzunguka miji kwenye gari lao.

ZUHURA: Ilisambaa kwa sababu ya gitaa.

BARAKA: Kwa vyote viwili!

ZUHURA: Wewe ukiwa na jambo la kumwambia mtu, utamnong'onezea ukutani?

BARAKA: Likiwa zito, huenda. Oktoba ile walikwenda kwenye kipindi cha mtangazaji David Letterman, televisheni ya Marekani nzima. Letterman akataka kuzungumza nao. Stipe kakaa chini karibu na drams, kawaachia Buck na Mills wajibu. Kisha wakapiga wimbo mpya ambao hata jina haukuwa nalo. Yule ndivyo alivyo, hakuwa anajidai.

ZUHURA: Sijasema anajidai. Nasema ana deni.

BARAKA: Wachambuzi wa jarida la muziki la Rolling Stone hawakuliona hilo deni. Waliichagua kuwa albamu bora ya mwaka 1983, mwaka ambao Thriller ya Michael Jackson ilikuwa inatikisa dunia.

ZUHURA: Wachambuzi! Kwenye Billboard, chati ya albamu ya Marekani, iliishia namba 36.

BARAKA: Kwa albamu ya kwanza ya bendi ya redio za vyuo, 36 ni mlima. Nakala kama 200,000 kabla mwaka haujaisha.

ZUHURA: Sibishi. Nasema wangetamka, wangevuka.

BARAKA: Wangetamka isingekuwa Murmur.

ZUHURA: Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili.

BARAKA: Mafunzo yangu matatu sijasema hata moja!

ZUHURA: Dakika mbili hazitoshi hata la kwanza, yaache. Nijibu hili tu. Umekuja una hasira ya kinanda, mbona kwenye wimbo wao wa Perfect Circle kuna piano, tena mbili?

BARAKA: Mills na Berry walizipiga wenyewe, moja kubwa ya maana, nyingine kuukuu iliyopoteza tyuni. Waliamua wao, ndani ya chumba. Tofauti yote iko hapo.

ZUHURA: Hilo nakupa. Na ndiyo wimbo mzuri kuliko yote humo.

BARAKA: Na maneno umeyasikia?

ZUHURA: Sikuyasikia, na nimeumia. Uimbaji mzuri vile, halafu nimefungiwa mlango nje.

BARAKA: Mimi niliingia bila ufunguo.

ZUHURA: Hatutaelewana leo. Wasikilizaji, tafuteni Perfect Circle, mtuandikie mlichosikia. Mimi ni Zuhura.

BARAKA: Baraka hapa. Na bendi za vijana, mafunzo yenu...

ZUHURA: Kwaherini!