Zukini za kuoka na chizi, bila kuogelea maji

Haya wapendwa karibuni tena jikoni, leo tunaoka zukini, ile mboga ya jamii ya maboga inayofanana na tango, pamoja na chizi, na nawaambia mapema kabisa, kazi yote ya pishi hili ipo kwenye maji, maana zukini karibu yote ni maji, ukiikata ukaitia kwenye oveni hivohivo utatoa mchuzi na chizi inaelea juu.

Chukua zukini tatu za saizi ya kati, ngumu, zinazong'aa. Yale makubwa yaache, yana mbegu nyingi na kwa ndani ni chepechepe. Osha, usimenye, kata slesi nyembamba kama nusu sentimita hivi, tia kwenye chujio, nyunyizia chumvi kijiko kimoja cha chai, changanya kwa mkono, uache dakika 20. Haya njooni muone hapa chini, hayo maji yote yametoka humo! Sasa zifunge kwenye kitambaa safi ukamue, taratibu zisivunjike, na chumvi usiongeze tena kwa sababu chizi nayo ina yake.

Washa oveni digrii 200. Piga mayai mawili, tia krimu ya kupikia nusu kikombe, kitunguu saumu punje mbili ulizotwanga, pilipili manga, na kungumanga kidooogo tu ikizidi inaharibu. Halafu tia chizi ya cheddar gramu 100 na naomba uikune mwenyewe jamani, ile ya pakiti iliyokunwa tayari wanaitia unga isishikane ndo maana haiyeyuki vizuri.

Paka trei siagi, panga slesi zilaliane kama magamba ya samaki, mwagia mchanganyiko wako wote, juu weka chizi ya mozzarella kiasi unachopenda na chenga za mkate mkavu kiganja kimoja.

Oka dakika 30 mpaka 35, juu iwe rangi ya dhahabu na ukitingisha trei katikati pasichezecheze. Huna oveni? Tumia sufuria nzito kwenye jiko la mkaa, moto mdogo sana chini, mkaa mwingi juu ya mfuniko, yaani unapalia kama unavyopalia wali, na inatoka vizuri tu nimeshafanya mara nyingi.

Ikiiva usikate hapohapo, najua harufu inakuita ila ipe dakika 10 ishikane kwanza, ndo ukate vipande, uwaite watu mezani.