Nani Anamlisha Nani Katika Mzunguko wa Naitrojeni

Walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mliofika jioni hii, asanteni kwa kuja.

Kila aliyesoma biolojia sekondari amewahi kuuchora mzunguko wa naitrojeni: hewa juu, udongo chini, mmea katikati, mishale ikizunguka. Kando ya kila mshale tunaandika jina la bakteria. Nitrosomonas hapa, Nitrobacter pale, Rhizobium kwenye mizizi ya maharage. Mchoro huo hausemi uongo, ila unamwachia mwanafunzi imani kwamba kila bakteria amekaa kituoni pake, anafanya kazi yake, basi. Udongoni na majini mambo hayaendi hivyo. Bakteria hawa hulishana, hulindana, huibiana, na wengine huliwa. Ukiyaondoa mahusiano hayo, mishale yenyewe inakatika.

Tuanze na Sergei Winogradsky, mtafiti wa vijidudu, huko Zurich, Uswisi, mwaka 1890. Tayari ilijulikana kwamba vijidudu ndivyo vinavyogeuza amonia ya udongoni kuwa naitreti, chakula cha mimea, lakini kuvitenga kulishindikana. Watafiti waliviotesha kwenye chakula kinono, na bakteria wengine wanaokipenda chakula hicho wakajaa na kuvifunika. Winogradsky akafanya kinyume: akawapa amonia na madini, akawanyima vyakula vingine vyote. Waliobaki hai ni wale wanaopata nishati kutoka kwenye amonia na kaboni kutoka kwenye kabonidayoksaidi. Akaona pia kwamba ni makundi mawili. La kwanza hugeuza amonia kuwa naitriti, la pili huichukua naitriti na kuifanya naitreti. Naitriti ni sumu hata kwa wale walioitengeneza, kwa hiyo kundi la pili hula na papo hapo husafisha makazi ya kundi la kwanza.

Hapo ndipo vitabu vyetu vingi vinapoishia. Kwa zaidi ya miaka mia moja iliaminika kwamba chakula huenda upande mmoja tu, kutoka kundi la kwanza kwenda la pili. Mwaka 2015 ikaonyeshwa kwamba chakula hurudi pia. Yupo bakteria wa kundi la pili anayeitwa Nitrospira moscoviensis, aliyepatikana kwenye bomba la chuma la mfumo wa kupasha joto huko Moscow. Huyu ana kimeng'enya cha kuvunja yurea. Wapo majirani zake wa kundi la kwanza wasio nacho. Wakiwekwa penye yurea tupu watakufa njaa. Nitrospira huivunja yurea, amonia ikatoka, majirani wakaila, wakatoa naitriti, na naitriti hiyo ndiyo chakula cha Nitrospira. Yaani anamlisha jirani ili jirani amlishe. Mimi naona ugunduzi huu ungestahili kuwa kwenye kila kitabu cha kidato cha tatu, maana yurea ndiyo mbolea anayoinunua mkulima wetu.

Mwaka huohuo wa 2015 ukaleta jambo la pili. Vikundi viwili vya watafiti, kimoja Vienna, Austria, na kingine Nijmegen, Uholanzi, vilitangaza kuwapata Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili wenyewe, kutoka amonia hadi naitreti. Wa Vienna walitokana na utando uliokuwa kwenye bomba la maji ya moto yanayopanda kutoka kisima chenye kina cha mita 1,200. Wa Nijmegen walitoka kwenye mfumo wa kufugia samaki. Kama yupo anayeweza yote, mbona wanaogawana kazi hawajatoweka? Jibu lililokuwa limependekezwa tangu 2006 ni kwamba anayefanya hatua moja hukua haraka, kwa hiyo hushinda penye amonia nyingi. Anayefanya zote mbili hukua polepole lakini hupata zaidi kwa kila chembe ya chakula, kwa hiyo hustahimili penye uhaba.

Pembeni yao wapo majirani wasiogusa amonia kabisa. Hawa hula mabaki na majimaji yanayovuja kutoka kwenye seli za wenzao, na baadhi yao hulipa kwa kuwalinda wenzao. Zipo arkea za baharini, yaani vijidudu vinavyofanana na bakteria lakini vya ukoo mwingine, zinazogeuza amonia, kama Nitrosopumilus maritimus aliyetangazwa mwaka 2005 baada ya kupatikana kwenye tangi la samaki wa kitropiki huko Seattle. Baadhi ya arkea hizi hudhurika na haidrojeni peroksaidi zinayoizalisha zenyewe, na hutegemea bakteria jirani waivunje. Na wapo pia wawindaji: protozoa wanaowameza, hata bakteria wanaojibandika kwa Nitrospira na kumnyonya.

Sasa twende Delft, Uholanzi, kwenye kiwanda cha hamira. Mtafiti wa vijidudu Martinus Beijerinck alikuwa ameajiriwa pale mwaka 1888 alipowatenga bakteria wa vinundu vya mizizi ya mikunde, wale wanaoipatia mimea naitrojeni ya hewani. Karibu karne moja baadaye, kwenye mtambo wa majitaka wa kiwanda hichohicho, wakati huo kikiitwa Gist-Brocades, Arnold Mulder aliona amonia inapotea mahali pasipo na oksijeni na gesi ya naitrojeni inatoka. Mkemia Engelbert Broda alikuwa amekadiria kwa hesabu za nishati, mwaka 1977, kwamba bakteria wa namna hiyo wangeweza kuwepo. Taarifa ya Delft ilichapishwa 1995, na mwaka 1999 bakteria wenyewe, wanaoitwa anammox, wakatambuliwa.

Anammox huchukua takriban siku 11 kuongezeka maradufu, na hawakukubali kuoteshwa peke yao kwa njia za kawaida. Walifanya kazi wakiwa wamesongamana kwa mabilioni katika kila mililita. Ndani ya matangi ya majitaka huishi kwenye punje nyekundu za milimita chache. Ganda la nje la punje ni makao ya wageuza amonia. Hao huimaliza oksijeni, ambayo ingewazuia anammox wa ndani, na hugeuza karibu nusu ya amonia kuwa naitriti. Wa ndani huiunganisha naitriti hiyo na amonia iliyobaki, na naitrojeni hurudi hewani. Mwizi wa nyumba hii ni yuleyule Nitrospira: oksijeni ikizidi kidogo, anainyakua naitriti kabla haijafika ndani. Mtambo mkubwa wa kwanza wa aina hii ulianza Rotterdam mwaka 2002, na mafundi wa mitambo hii hudhibiti oksijeni kwa makini sana.

Nimalizie na jambo linalogusa mashamba yetu. Bakteria wengi wanaorudisha naitreti hewani hawana kimeng'enya cha hatua ya mwisho, kwa hiyo huachia naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kabonidayoksaidi kwa uzito uleule. Wengine wanacho kimeng'enya hicho na huila gesi ya jirani. Miongoni mwa Bradyrhizobium, bakteria wa vinundu vya soya, wapo wenye nacho na wasio nacho, na utafiti wa Japani uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba kupaka mbegu bakteria wenye nguvu zaidi ya kimeng'enya hicho kulipunguza gesi shambani.

Paketi za rhizobia, yaani bakteria wa vinundu, za kupaka mbegu zinapatikana Kenya na Tanzania. Kwa kawaida tunaziuliza swali moja: zinaongeza mavuno? Naomba tuongeze mawili. Je, aina hii inaimaliza naitrasi oksaidi? Na je, itawaweza rhizobia wenyeji, ambao mara nyingi huwahi mizizi na kuvishika vinundu kabla ya wageni? Darasani mnaweza kuanza na wembe tu: ng'oeni mche wa kunde unaokaribia kutoa maua, pasueni vinundu. Vya rangi ya waridi vinafanya kazi. Vyeupe au vya kijani havifanyi, ijapokuwa vinaweza kuwa kwenye mzizi mmoja.

Nakaribisha maswali.