Chachu Hai na Chombo Chake: Tazameni Kifuniko Kwanza

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya waoka mikate na wanafunzi wa mapishi)

Assalaamu alaykum.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na najua wapo wanaonong'ona huko nyuma, "Maalim leo tena na makopo yake." Ndiyo, leo tena. Na nitalisema kesho na keshokutwa, madhali bado naingia majikoni nikakuta chachu hai imetiwa kwenye chupa ya gilasi, kifuniko kimekazwa kwa nguvu zote, na watoto wanapita mbele yake kwenda kuchota maji.

Namna ya kuiandaa chachu sitaieleza, hiyo mnaijua kunishinda. Nazungumzia kile mnachobakiza: uji wa kuanzia mkate wa kumimina wa kesho, donge la unga uliokwisha kuumuka, au ile hamira iliyotuwama chini ya chombo mkaikusanya ili msinunue nyingine. Ni kitu kibichi, kina maji na kina uhai. Kiwekwe ndani ya nini?

Mtu akienda dukani kutafuta chombo, jambo la kwanza anatazama kama kinaziba barabara. Anakitia maji, anakipindua, anakitikisa, na kisipovuja hata tone anafurahi. Kwa achari ni sawa. Kwa sukari, kwa mchele, kwa bizari, sawa kabisa. Kwa chachu hai, chombo kinachoziba barabara ndicho cha mwisho kukichagua.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Hamira ikiimaliza sukari hiyo, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi karibu lita 1. Kijiko kimoja tu! Sasa chukueni chupa ya nusu lita, mmeijaza uji mpaka nusu, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni robo lita. Lita nzima ya gesi inataka kukaa kwenye robo lita. Sehemu yake itayeyuka ndani ya uji, nakubali, lakini mkandamizo unaobaki unakaribia ule wa tairi la gari dogo. Tairi limeundwa kwa kazi hiyo. Chupa ya jemu haikuundwa hivyo. Kifuniko cha jemu kimetengenezwa kwa kazi ya kinyume: jemu ikipoa, hewa ya ndani husinyaa na kifuniko kikavutwa kwenda ndani. Chachu inasukuma kwenda nje. Na hapo nimehesabu sukari mliyotia kwa mkono tu, ile inayotoka kwenye wanga wa unga wenyewe sijaigusa.

Jirani yangu mmoja, mpishi hodari, mkate wake wa ufuta ulikuwa unagombaniwa na mtaa mzima. Mwezi wa Ramadhani alikuwa na oda nyingi, akaona aiweke chachu yake mahali pa salama. Akailisha unga na sukari, akaitia kwenye chupa nene ya gilasi iliyokuwa ya kahawa, akakaza kifuniko, akaiingiza kwenye friji pamoja na futari ya siku ya pili: samaki waliokwisha kupakwa, bakuli la tui, mchuzi, tambi. Usiku umeme ukakatika. Friji ikapata joto taratibu na chachu ikaamka. Alfajiri, alipoinuka kula daku, akasikia kishindo jikoni. Alhamdulillahi, hakukuwa na mtu mbele ya friji wakati ule. Lakini vipande vya gilasi viliingia kwenye kila chakula: ndani ya tui, ndani ya samaki, vingine vyembamba hata huvioni kwa macho. Akamwaga kila kitu. Siku ya funga, oda zinasubiri, na nyumba haina futari.

Nikamwambia, bibi, tatizo ni kifuniko. Akanijibu kuwa chupa ilikuwa na ufa, atatafuta nene zaidi. Hapo ndipo ninapokosa subira, nisameheni. Gilasi nene haiondoi gesi! Inachelewesha tu, gesi inazidi kujaa, na siku ikipasuka itapasuka kwa nguvu kubwa na vipande vizito zaidi. Kilichotakiwa ni kukilegeza kifuniko kwa nusu mzunguko. Hakigharimu hata senti.

Mtaniambia, "Lakini Maalim, kwenye friji hamira hulala." Hailali. Kwenye nyuzi 4 za sentigredi inakwenda polepole sana, lakini inakwenda. Tena friji ni umeme, na umeme sisi tunaujua. Unguja walikaa gizani kama mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Sisi huku Pemba tulikuwa tukitegemea majenereta mpaka waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010. Leo hali ni nafuu, lakini nani kati yenu anaweza kuniapia kuwa usiku wa leo haukatiki? Chombo cha chachu kichaguliwe kwa ajili ya usiku ambao friji imezima.

Mwingine atasema, "Mbona pakiti ya hamira imeandikwa kuwa ukishaifungua uifunge vizuri?" Swali zuri, na ndilo linalowapoteza wengi. Hamira ya chenga ni kavu. Ikiwa kavu haili, haitoi gesi, na adui yake ni unyevunyevu wa hewa yetu hii ya pwani. Hiyo itieni kwenye mkebe mkavu unaoziba kabisa, mkaze mtakavyo, mwiweke kwenye friji. Ya maji, legezeni. Ni mdudu yule yule lakini hali zake ni mbili, basi msizichanganye.

Na yuko atakayeruka upande wa pili aseme, "Basi nitafunika kitambaa tu." Kwa saa chache juu ya meza, wakati inaumuka, sawa. Kwa kuhifadhi, hapana. Uso wa juu utakauka, sisimizi wataingia, na vile vijinzi vidogo vinavyozunguka maembe yaliyoiva vitaleta bakteria wa siki kwenye miguu yao. Tunataka gesi itoke na uchafu usiingie. Louis Pasteur, yule Mfaransa aliyeonyesha kuwa kuchachuka ni kazi ya viumbe hai, mwanzoni mwa miaka ya 1860 alikuwa na chupa zenye shingo ndefu zilizopindwa. Hewa ilipita, lakini vumbi na vijidudu vyake vilinasa kwenye pindo la shingo, na mchuzi uliochemshwa ndani yake haukuoza. Sisi hatuna haja ya kupinda gilasi. Kifuniko kilichoketi juu ya mdomo bila kukazwa kinatutosha.

Nimeletewa kikaratasi hapa. "Maalim, habari hizi si za watengeneza pombe?" Nitajibu wazi. Ni kweli, huko Marekani na Uingereza watu wanaotengeneza bia majumbani huikusanya hamira iliyotuwama chini ya pipa, wakaihifadhi kwa duru nyingine, na ubishi wao kuhusu vyombo ni huu huu wetu. Na waoka mikate wa Ulaya, kabla ya hamira ya viwandani, walikuwa wakiichukua kwa watengeneza bia. Na hapa pwani vitumbua viliumuliwa kwa tembo la mnazi kabla pakiti hazijafika. Suala la halali na haramu lina wenyewe, waulizeni masheikh. Mimi nazungumzia kiumbe kinachokula sukari na kutoa gesi, awe nacho mpika bia au mwoka boflo.

Na kwa kuwa tumelitaja tembo, tukitazame kibuyu cha mgema. Kibuyu kile hata kikisuuzwa hamira haitoki, imejificha kwenye vitundu vya ganda, ndiyo maana tembo jipya huanza kuchachuka upesi hivyo. Mtu akaniuliza, kwa nini basi tusitumie kibuyu, au chungu cha udongo kama wazee? Kwa sababu vitundu vinavyoishika hamira vinamshika na kila mdudu mwingine aliyepita humo, na wewe huna njia ya kumtoa. Ukitaka mkate wa leo ufanane na wa wiki iliyopita, unahitaji chombo unachoweza kukirudisha kwenye usafi kamili. Chungu kilichopakwa rangi ya kung'aa nacho tuwe na hadhari, baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, na ukali wa chachu huyatoa yakaingia kwenye chakula. Sufuria ya alumini pia si ya kuhifadhia, maana ukali ule ule huila.

Muda unaniishia, kwa hiyo haya mengine nitayapitia haraka.

Gilasi yenye mdomo mpana, mkono uingie, ndiyo chaguo langu. Unaona kilichomo: uchafu chini, hamira yenye rangi ya maziwa juu yake, maji juu kabisa. Ukiona mistari ya waridi au ya rangi ya chungwa, au manyoya ya ukungu, mwaga yote, usikwangue juu ukabakiza ya chini. Kuisafisha, iwekeni kwenye sufuria ya maji baridi, bandikeni motoni pamoja, na yakishachemka muiache dakika 10. Msiitumbukize gilasi baridi kwenye maji yanayochemka, itapasuka. Kisha ipoe kabisa kabla ya kutia chachu, maana kwenye nyuzi 60 hamira inakufa.

Chuma kisichoshika kutu ni kizuri, ila huoni ndani. Plastiki, pindueni kitako mtazame namba iliyo kwenye pembetatu. Namba 5 inastahimili maji ya moto. Namba 1, ile ya chupa za soda na maji, hujikunja ukiitia maji yanayochemka. Chupa ya soda ina fadhila moja: iliundwa kubeba gesi, na ukiibonyeza ukaikuta ngumu unajua ndani kumejaa. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, hiyo msiitumie. Na plastiki yoyote iliyokwaruzwa na sufi ya chuma haifai tena, vijidudu hukaa ndani ya mikwaruzo na sabuni haiwafikii.

Ukubwa: msijaze kupita nusu, kwa sababu chachu ya unga huinuka. Vyombo viwe vidogo viwili, si kimoja kikubwa, kimoja kikiharibika kingine kipo. Msiiweke kwenye sehemu ya barafu, barafu inaua seli nyingi. Andikeni tarehe kwenye kipande cha plasta ubavuni, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Uji wa chachu ulisheni kila wiki. Hamira iliyotuwama itumieni ndani ya wiki mbili hivi.

Kuhusu namna ya kuiosha hamira kwa maji yaliyochemshwa yakapozwa, nilikuwa na mengi, lakini adhana imekaribia, tutayazungumza siku nyingine. Walioleta vyombo vyao wavilete hapa mbele, viwekwe juu ya meza hii, vifuniko pembeni, tuvipindue vitako kimoja kimoja kabla hatujatoka.