Kupima Paa Kabla ya Kulipanda
Mhadhara kwa mafundi wa kupaua na wanafunzi wa ujenzi, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, vijana, mafundi wenzangu, habari za asubuhi. Nawashukuru, hasa nyinyi mlioacha kenchi, zile fremu za mbao za paa, zimesimama nusu mkaja kunisikiliza.

Kabla sijaanza, naomba wazee watatu wa mstari wa mbele mtazame paa la ukumbi huu kupitia dirishani pale, kisha kila mmoja aniambie mteremko wake ni digrii ngapi. Kwa jicho tu. Haya: 18, 22, na 30. Naziandika ubaoni, tutazirudia.

Mwenye nyumba mmoja wa Duga aliwahi kuita mafundi watatu kwenye boma lake, yaani nyumba yenye kuta isiyo na paa bado, siku moja, nyumba ileile. Wa kwanza akasema bati 78. Wa pili 90. Wa tatu nilikuwa mimi, nikasema 84. Yule bwana akanitazama, akaniuliza: "Fundi, nyumba yangu ni moja. Hizi nyumba nyingine mbili mmeziona wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Sote tulipima kwa njia moja: tulizunguka ukuta na futi kamba, tukakadiria mteremko utakaokuja, kila mtu akajiongezea bati za dharura kwa kadiri ya hofu yake. Na bati 12 ni fedha ya mtu. Huku kwetu nyumba inapanda mwaka baada ya mwaka, na bati zinanunuliwa kwa mgao wa vikoba au mavuno ya machungwa ya Muheza. Zikibaki, zinaegeshwa uani zinaota kutu. Zikipungua, masika inaikuta nyumba iko wazi upande mmoja, na ukirudi dukani rangi ileile imekwisha.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Fundi akitaja idadi ya bati, mwenye nyumba ana haki ya kuonyeshwa idadi hiyo imetoka wapi. Droni, au ndege nyuki kama wengine wanavyoiita, ikishirikiana na akili mnemba, inatuwezesha kumwonyesha. Lakini namba inabaki kuwa ya fundi, na ikiwa mbovu ni ya fundi vilevile.

Sababu ya pili ninayo mwilini. Miaka kadhaa nyuma nilipanda nyumba kongwe ya Ngamiani iliyokuwa inataka kuezuliwa na kupauliwa upya. Bati lilikuwa limeiva kutu, na kwenye misumari matundu yalikuwa mapana kuliko kichwa cha msumari. Nyinyi mnaijua hewa yetu: chumvi ya bahari hailali. Nikakanyaga juu ya mstari wa misumari kama nilivyofundishwa, kwa kuwa chini yake ndipo ilipo papi, ule ubao unaogongomelewa bati. Papi ilikuwepo kweli, ila mchwa walishamaliza kiini, limebaki ganda. Mguu ukazama mpaka pajani, bati likanichana kutoka gotini kwenda juu. Ninachokikumbuka zaidi ya maumivu ni vipande vya kutu vilivyodondokea chandarua cha mtoto aliyekuwa amelala chini yangu. Nilipanda pale kuchukua vipimo vinne tu. Vipimo vinne!

Marekani, ambako vifo vya kazini vinahesabiwa kwa makini, kuanguka kutoka juu ndiko kunakoongoza kuua wafanyakazi wa ujenzi. Na kama paa ni la zile bati za zamani za asbesto, zilizoezeka majengo mengi ya mashirika, hatari ni mbili: linavunjika ghafla bila kupinda, na vumbi lake linaleta saratani. Paa la asbesto msilipande kwenda kupima. Nawaomba kabisa.

Sasa droni inapimaje? Kila mmoja anyooshe kidole mbele ya uso. Funga jicho la kushoto, kisha ufungue hilo ufunge la kulia. Kidole kimehama, sivyo? Ukuta wa nyuma haukuhama sana. Ubongo wako unatumia tofauti hiyo kujua kidole kiko karibu kiasi gani. Droni inafanya hivyohivyo kwa macho mengi: inapiga picha makumi juu ya nyumba, kila picha ikilaliana na jirani yake kwa asilimia 70 hadi 80, nyingine ikitazama chini wima na nyingine kwa mshazari. Programu inatafuta kichwa kilekile cha msumari katika picha nyingi, inapiga hesabu, na kinachotoka ni umbo zima la paa lenye urefu, upana na kimo. Kwa kamera ninayotumia, nikiwa mita 30 juu ya paa, kila nukta ya picha inafunika chini kidogo ya sentimita 1 ya bati.

Kimo ndicho kinachotuponyoka sisi wa chini. Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 12, paa limetokeza sentimita 60 kila upande. Kwa kutazama juu chini, kama ramani, unafunika mita 11.2 kwa 13.2, sawa na mita za mraba 147.8. Paa likiwa na mteremko wa digrii 15, bati linahitajika kwa mita za mraba 153. Kwa digrii 25, inakuwa 163. Kwa digrii 30, karibu 171. Msingi ni uleule, ukuta ni uleule, lakini kati ya 15 na 30 zimeongezeka mita 18 za mraba. Ndiyo maana niliwauliza wazee mteremko wa ukumbi huu. Tazameni ubaoni: kati ya 18 na 30 kuna bati nyingi.

Kuna jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka wakae na kalamu. Paa la pande mbili na paa la pande nne, juu ya nyumba hiyohiyo na kwa mteremko uleule, yana eneo sawa. Sawa kabisa. Tofauti iko kwenye kofia, yaani bati za kufunika maungio ya juu, na kwenye mikato. Nyumba yetu ya digrii 25 ikiwa ya pande mbili inataka kofia za mita 13.2 kwenye mgongo. Ikiwa ya pande nne, mgongo unabaki mita 2 tu, lakini kuna pembe nne za mita 8.3 kila moja; jumla inapita mita 35. Na kila bati linalofika kwenye pembe linakatwa mshazari, kipande kinabaki. Kwa hiyo mtu anayekupa eneo peke yake hajakupa makadirio. Unahitaji urefu wa kila ukingo, na uugawe kwa upana wa bati unaobaki baada ya kulaliana, usihesabu upana wa bati zima.

Hapo ndipo akili mnemba inaposaidia. Umbo la paa lililotoka kwenye picha ni rundo la nukta. Halijui mgongo ni upi wala bonde la maji ni lipi. Akili mnemba imeonyeshwa maelfu ya picha ambazo watu walizichorea mistari kwa mkono, huu mgongo, hii pembe, huu ukingo wa fisha bodi, yaani ubao wa ukingoni mwa paa, mpaka ikajifunza kuikisia mistari hiyo kwenye paa ambalo haijawahi kuliona. Marekani kampuni ya EagleView, iliyoanzishwa mwaka 2008, imefanya biashara kubwa ya kuuza vipimo vya paa kutokana na picha za angani, na mpauaji wa kule anaweza kuandika bei bila kufika kwenye nyumba.

Msidhani mambo haya yako mbali. Hapo ng'ambo ya bahari, Zanzibar, mwaka 2016 walianza kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni ili kupata ramani mpya ya visiwa. Mwaka 2018 picha hizo zikatumika kwenye shindano la kufundisha kompyuta kutambua majengo, na kompyuta ilitakiwa kuyagawa mafungu matatu: yaliyokamilika, ambayo hayajakamilika, na misingi. Nilipolisikia hilo nilifurahi sana. Katika nchi nyingi jengo ni jengo tu. Huku kwetu ilibidi mashine ifundishwe boma ni nini.

Pamoja na hayo, mashine inakosea, na nimeshaiona ikikosea kwenye kazi yangu. Mnazijua nyumba za Ngamiani zilivyobanana, paa la huyu linapumulia paa la yule. Nilipima nyumba moja huko, programu ikaniletea eneo zuri, safi, lenye mistari iliyonyooka. Nikatulia. Kisha nikaona ukingo wa nyuma umetokeza kuliko nilivyouona nikiwa chini. Nikakuza picha. Kumbe jirani ana kipenu cha jikoni ambacho bati zake zimeegemea za mteja wangu, kutu ya rangi moja, na mashine imekihesabu kipenu kama sehemu ya paa letu. Nusura nimuuzie mama wa watu bati za jikoni la jirani.

Mwembe nao ni tatizo. Tawi likifunika kona, programu inaunganisha mstari kama inavyodhani, na haikwambii kwamba hapo imedhani. Na bati jipya lisilo na rangi ni gumu kulipima kuliko kuukuu! Linang'aa, mwanga unahama kila picha, programu inakosa alama ya kushika. Paa linatoka na mawimbi kama shuka lililoanikwa. Paa lenye kutu na viraka linapimika vizuri sana, kwa kuwa kila doa ni alama. Bati likiwa jipya, nenda asubuhi yenye mawingu.

Kwa hiyo mimi nina kanuni yangu, na kijana yeyote anayefanya kazi nami anaishika. Kabla ya kurusha, tunaweka chini vibao viwili vyenye rangi, kati yao mita 10 kamili kwa futi kamba. Modeli ikitoka, tunapima vibao ndani yake. Ikisema mita 10.2, kila urefu umezidi kwa asilimia 2, na eneo limezidi kwa asilimia 4. Kwa nyumba yetu ya mita za mraba 163, hiyo ni zaidi ya mita 6 za mraba za hewa. Kisha tunapima kwa mkono ukingo mmoja wa fisha bodi unaofikika kwa ngazi fupi, tunalinganisha. Dakika kumi. Na kama ni boma lisilo na paa bado, droni inakupa ukuta na mtambaapanya, ile boriti inayolala juu ya ukuta, basi; mteremko unaamua wewe na mwenye nyumba, na hakuna mashine ya kuwaamulia.

Jambo la mwisho ni zito kwangu kuliko yote. Sheria kwanza: droni iandikishwe na uwe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Uwanja wetu wa ndege uko ndani ya jiji, hili halina mjadala. Na picha za nyumba ya mtu si za kurusha kwenye simu za watu; tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Lakini hata sheria isingekuwepo, kuna uani. Sisi watu wa pwani tumejenga ukuta wa uani mrefu kwa makusudi. Mle mama anakaa bila baibui, binti anasukwa nywele, na bafu nyingi za uani hazina paa. Karne nzima mgeni anasimama barazani, anapiga hodi, anasubiri. Leo kijana wa miaka ishirini anainua kamera juu ya ukuta huo, anaona nyua sita kwa mpigo, na hakuna aliyemkaribisha. Nimefukuzwa mara moja, na aliyenifukuza alikuwa na haki: bibi mmoja alitoka na ufagio akiwa amejitanda kanga haraka haraka, akanitaka nimwonyeshe nilichokipiga. Nikamwonyesha, nikafuta mbele yake, nikamwomba radhi.

Tangu siku ile napita nyumba kwa nyumba, pande zote nne, baada ya kumwona mwenyekiti wa mtaa. Napiga hodi, naeleza, nataja saa. Nawaachia watu nafasi ya kuingia ndani. Wakati mwingine kazi inaahirishwa mpaka kesho kwa sababu nyumba moja ina msiba au kuna mzazi anatolewa arobaini. Basi, inaahirishwa.

Tutoke nje sasa. Betri moja inakaa karibu nusu saa tu, na droni ndogo kama hii haipendi upepo unaozidi mita 10 kwa sekunde. Asubuhi hii kusi bado limetulia, mchana halitatulia. Kama kunguru wataanza kuizunguka, naishusha, msishangae. Majirani wa pande tatu wameshakubali. Mama wa nyumba ya upande wa bahari alituomba tumsubiri amalize kuwaogesha watoto uani, na kijana wake amekuja sasa hivi mlangoni kusema tayari. Vibao viko kwenye nyasi. Mzee wangu uliyesema 22, nakuomba ushike ncha ya futi kamba.