Betri Kama Yai: Kugandisha Elektroliti kwa Miale ya Elektroni

Habari za jioni. Nimekuja na yai bichi na yai la kuchemsha. Nikilipasua hili bichi, meza imechafuka. La kuchemsha halimwagiki, ingawa maji yake yale yale yamo humo humo. Mkilishika hilo, mmeshika nusu ya mhadhara.

Ndani ya betri ya simu zenu mna elektroliti: chumvi ya lithiamu iliyoyeyushwa katika vimiminika vinavyoshika moto upesi. Ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, hupita humo zikienda na kurudi kati ya elektrodi mbili, yaani ncha za betri, ambazo zimetenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Utando ukitoboka, elektrodi hugusana, joto hupanda, kimiminika hugeuka mvuke, betri huvimba na pengine kuwaka. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kurudisha simu za Galaxy Note7 duniani kote kwa sababu ya betri kuungua.

Kwa nini basi tusitumie polima kavu, yaani minyororo mirefu ya molekuli kama ya plastiki, tukaachana na majimaji kabisa? Kwa sababu katika joto la kawaida ioni hujikokota humo kama gari kwenye tope. Njia ya kati ni jeli: huacha kimiminika kibaki, ila hukinasa katika wavu wa polima.

Wavu huo kwa kawaida husukwa kwa kuchanganya kemikali ya kuchochea, kisha betri hupashwa joto. Mimi njia hiyo siipendi. Mabaki ya kichocheo hubaki ndani, na chumvi inayotumika sana, LiPF6, haivumilii joto; ikikutana na unyevu hata kidogo hutoa asidi kali inayokula elektrodi.

Miale ya elektroni, zile chembe ndogo mno za umeme, hufanya kazi kwa njia nyingine. Betri hujazwa kimiminika chepesi chenye malighafi ya polima, kinachopenya kila kitundu, hufungwa, ndipo hupitishwa chini ya miale. Elektroni hupenya mfuko, huvunja vifungo vya molekuli, na minyororo ya polima hufungana mafundo. Ute umeganda ndani ya ganda! Tena bila kuchemka: dozi ya kilogrei 10 (kilogrei ni kipimo cha nishati ya mionzi inayofyonzwa) ingepandisha joto la maji kwa nyuzi 2.4 tu.

(Naona mkono. Hapana, betri haigeuki kuwa na mionzi. Nishati ya elektroni hizo haitoshi kuamsha viini vya atomu. Maganda ya nyaya za umeme hukazwa hivi hivi kwa miaka mingi.)

Ugumu uko kwenye dozi. Ikipungua, mnapata uji. Ikizidi, wavu hukaza mno ioni zikakwama, na vimiminika vyenyewe huvunjika na kutoa gesi. Polima nazo zina tabia zake: polyethilini oksaidi hufunga mafundo, ilhali akriliki ya vioo vya plastiki hukatika vipande. Isitoshe, elektroni huchoka njiani, hivyo betri nene hugandishwa vizuri juu, chini ikabaki mbichi.

Wala nisiwadanganye, kimiminika kinachowaka bado kimo. Hakivuji tu, na mvuke wake hutoka kwa shida zaidi. Kijana, zima taa, tutazame jaribio la msumari, betri ikitobolewa.